Dawa ya Deni

Mzee alihesabu kwa vidole. Kidole gumba kilikuwa cha mzungu mmoja mwenye kinasa sauti. Cha shahada, padri. Cha kati, vijana wawili waliosema wametoka shirika la haki za binadamu la Bukavu. Cha pete, mama mmoja wa Umoja wa Mataifa ambaye alilia kabla mzee mwenyewe hajalia. Alipofika kidole cha mwisho, akaniangalia.

"Na wewe sasa," alisema. "Mwanangu, mimi nilishaandikwa. Hao wote walioniandika, maneno yangu waliyapeleka wapi? Walimpa nani?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa na fomu ya kurasa sita na kalamu mbili.

Tulikuwa Nyarugusu, wilayani Kasulu, katika kambi iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo waliovuka Ziwa Tanganyika wakikimbia vita vya Kivu Kusini. Mimi ni mtoto wa Tanga. Nilipelekwa huko na shirika ambalo sitalitaja, kazi yangu ikiwa kusikiliza, kunasa na kunukuu. Niliambiwa kwamba siku moja karatasi hizi zitamfikia mwendesha mashtaka. Mwendesha mashtaka yupi, wa nchi gani, na lini, hilo halikuwamo katika maelekezo ya kazi.

Mzee alitoka Makobola, katika eneo la Fizi. Kati ya tarehe 30 Desemba 1998 na 2 Januari 1999, watu zaidi ya 800 waliuawa Makobola na vijiji vya jirani. Idadi hiyo imo katika ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2010, ile inayojulikana kama Ripoti ya Mapping, iliyoorodhesha matukio 617 ya ukatili nchini Kongo kati ya 1993 na 2003. Ripoti ile isingeandikika bila mashirika ya kiraia ya Kongo, ambayo yalikuwa yakiandika majina ya wafu tangu makaburi yakiwa mabichi. Hadi leo hakuna mahakama iliyomtia mtu hatiani kwa ajili ya Makobola.

Mzee alinisimulia jinsi bibi yake alivyouawa mlangoni. Nikaandika: bibi. Aliyetafsiri fomu yangu kwenda Kiingereza akaandika alichokiona, yaani mama wa baba au mama wa mama. Zilipita wiki tatu ndipo dada mmoja wa Kibembe, tukinywa chai, akaniambia huku akicheka kwamba kwao ng'ambo ya ziwa bibi ni mke. Mimi sikucheka. Mzee alikuwa ananieleza alivyompoteza mke wake, nami nikamwandikia kifo cha kikongwe.

Mtu anaweza kusema hilo ni kosa dogo la lugha. Hebu liweke mahakamani. Wakili wa utetezi ameshika karatasi mbili: ya padri, inayosema aliyeuawa ni mke, na ya kwangu, inayosema ni nyanya. Anamuuliza mzee kwa upole kabisa: "Baba, aliyekufa mlangoni hasa alikuwa nani?" Mzee anashangaa. Anababaika. Na mtu aliyemuua mke wake anajiegemeza kwenye kiti.

Nimeanza na kosa langu kwa sababu nataka kugombana na watu, na si haki kugombana na watu ukiwa umejificha.

*

Ugomvi wangu uko juu ya neno moja: ushirikiano. Ukiingia katika semina yoyote ya haki za binadamu utalikuta ukutani, kwenye bango, juu ya chupa za maji. Ushirikiano kati ya asasi za kiraia na mamlaka za nchi katika kuwafikisha mahakamani wahalifu wa kivita. Kila mtu anaitikia kwa kichwa. Jenerali anaitikia, balozi anaitikia, mkurugenzi wa shirika anaitikia. Mara nyingi nimejiuliza: ikiwa wote hawa wanakubaliana, yule wanayemzungumzia, aliyekaa Nyarugusu akihesabu vidole, amepata nini?

Sitaki kusema hajapata kitu. Huo ungekuwa uongo, na ushahidi wa kuukanusha uko wazi. Uko Kavumu.

Kavumu ni mji mdogo kaskazini mwa Bukavu, palipo na uwanja wa ndege wa Bukavu. Kati ya mwaka 2013 na 2016, watoto wa kike takriban 40 waliibwa usiku kutoka majumbani mwao, wakabakwa, kisha wakatupwa mashambani. Mdogo kabisa alikuwa hajafikisha miaka miwili. Waliponusurika walipelekwa hospitali ya Panzi, kwa Daktari Denis Mukwege na wenzake, na ni madaktari walioanza kuona kwamba watoto hawa wanatoka mahali pamoja na majeraha yao yanafanana. Mamlaka hazikuona, au ziliona zikanyamaza. Kila mtoto alifunguliwa jalada lake peke yake, kama vile kila usiku ulikuwa na mhalifu wake wa bahati mbaya.

Wakazi walijua ni nani. Walijua kuwa kuna kundi linaloitwa Jeshi la Yesu, na kwamba nyuma yake yuko Frederic Batumike, mbunge wa bunge la jimbo. Lakini mbunge ana kinga, na mwanakijiji ana mlango wa mbao. Mtafiti mmoja wa haki za binadamu aliyekuwa akifuatilia mambo hayo aliuawa Machi 2016.

Sasa tazama nani alifanya nini. Mashirika ya ndani yaliwakusanya wazazi na kuwaweka pamoja. Mawakili walioungwa mkono na mashirika kama TRIAL International walidai majalada yaunganishwe kuwa kesi moja na yahamishiwe kwa mwendesha mashtaka wa kijeshi kama uhalifu dhidi ya ubinadamu. Physicians for Human Rights, pamoja na Panzi, walisaidia upande wa ushahidi wa kitabibu. Watoto walihojiwa kwa njia ya video ili wasisimamishwe mbele ya waliowatenda. Juni 2016 Batumike akakamatwa. Novemba 2017 mahakama ya kijeshi ya Kivu Kusini ilihamia Kavumu kwenyewe, ikasikiliza kesi mbele ya watu wa Kavumu, mashahidi wakizungumza nyuma ya pazia na sauti zao zikibadilishwa. Tarehe 13 Desemba 2017, mbunge yule na wenzake kumi walihukumiwa kifungo cha maisha. Mwaka uliofuata Mahakama Kuu ya Kijeshi ikaithibitisha hukumu.

Nilipoisikia habari ile kwenye redio nilisimama. Sioni aibu kusema hivyo. Anayesema asasi za kiraia zikae mbali na waendesha mashtaka, awaeleze kwanza wazazi wa Kavumu nani mwingine angeyaunganisha majalada yale.

Lakini isikilize hukumu hadi mwisho. Mahakama iliamuru kila mtoto alipwe dola 5,000 na kila familia ya aliyeuawa dola 15,000. Walipe nani? Wafungwa. Mawakili wa waathirika walikuwa wameomba serikali nayo ibebe wajibu, kwa sababu iliarifiwa ikakaa kimya huku watoto wakiendelea kuibwa. Mahakama ilikataa. Miaka ilipita baada ya hukumu na familia zilikuwa bado hazijaiona fidia.

Hapo ndipo semina inapokwisha na chupa za maji zinapokusanywa. Kesi inaandikwa kwenye ripoti kuwa imefanikiwa. Picha ya mahakama inawekwa kwenye jalada la mbele. Na mtoto wa Kavumu anarudi nyumbani kwenye mlango uleule wa mbao.

*

Wale ambao hawajawahi kuiona mahakama inayotembea wanadhani inatembea kwa miguu yake yenyewe. Haitembei. Kongo ya mashariki ni pana, barabara zake mvua ikinyesha zinakuwa mito, na mahakimu wa kijeshi wako mjini. Ili wafike kijijini panatakiwa magari, mafuta, malazi, posho ya hakimu, posho ya karani, posho ya mwendesha mashtaka, mawakili wa pande zote mbili, turubai, viti, jenereta. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya gharama hizo imebebwa na mashirika na Umoja wa Mataifa. Uchunguzi nao ni hivyohivyo: mwendesha mashtaka anaingia kijijini kwa gari la mtu mwingine, akiongozwa na orodha ya mashahidi iliyoandaliwa na mtu mwingine.

Mimi sina ugomvi na gari. Nchi iliyotoka vitani husaidiwa, na mahakama iliyokwenda kwa gari la kuazima ni bora kuliko mahakama isiyokwenda. Ninachouliza ni hiki: katika msafara huo wote, ni mzigo gani ambao serikali peke yake inaweza kuubeba, na je, imeubeba?

Ipo mizigo mitatu ambayo shirika haliwezi kuubeba hata mmoja kwa niaba ya dola. Shirika haliwezi kumfunga mtu na kuhakikisha anabaki gerezani. Haliwezi kumlinda shahidi miaka kumi baada ya hukumu, kwa sababu miradi ya mashirika ni ya miaka miwili. Na haliwezi kulipa deni la dola. Mingine yote, kuanzia kalamu hadi jenereta, shirika linaweza, na limefanya. Serikali iliachiwa mizigo mitatu tu, nayo ni ileile iliyoanguka njiani.

Chukua Baraka, mji wa ziwani, ambao watu wa Kigoma wanaujua kwa boti na dagaa. Siku ya mwaka mpya wa 2011 wanajeshi wa serikali waliingia Fizi wakabaka wanawake. Mahakama ya kijeshi ilikwenda kukaa Baraka, kwa msaada wa fedha kutoka nje, na wanawake 49 wakatoa ushahidi. Tarehe 21 Februari, kabla ya miezi miwili kwisha, Luteni Kanali Kibibi Mutware alihukumiwa miaka 20 kwa uhalifu dhidi ya ubinadamu. Ilikuwa kasi ambayo hata nchi tajiri hazina. Kila mwanamke aliandikiwa fidia ya dola 10,000, na serikali, kwa kuwa wale walikuwa askari wake, ilihukumiwa kulipa pamoja nao.

Wanawake 49, dola 10,000 kila mmoja: dola 490,000. Serikali haikuweza kusema haijui ni akina nani, maana walikuwa mbele ya mahakimu wake yenyewe, wengine wakiwa wamefunikwa nyuso ili wasitambulike mtaani. Walijitoa. Waume wengine waliwakimbia wake zao kwa sababu ya siku ile. Miaka ikapita, wanaharakati wakirudi Fizi kuuliza, jibu likawa lilelile: hakuna kilicholipwa.

Tena sheria yenyewe imeweka kizingiti. Anayetaka hukumu yake ya fidia itekelezwe hudaiwa ada mahakamani, na ada hiyo hukokotolewa kwa asilimia ya fidia yenyewe. Maskini anaweza kusamehewa, sharti apate hati ya kuthibitisha ufukara wake. Yaani mwanamke aliyebakwa na askari wa serikali aende kwenye ofisi ya serikali akaombe karatasi ya kuthibitisha kwamba ni fukara, ili serikali isimtoze ada kwa deni ambalo serikali yenyewe haijamlipa.

Waswahili tuna neno fupi kwa jambo hili: dawa ya deni kulipa. Hatukusema dawa ya deni ni semina.

*

Najua watakaonijibu, na baadhi ni rafiki zangu.

Wa kwanza watasema: serikali ya Kongo haina pesa, usiitwishe usichoweza. Jibu langu liko The Hague. Kongo iliishtaki Uganda katika Mahakama ya Kimataifa ya Haki mwaka 1999 kwa vita na uporaji. Ilishinda mwaka 2005. Haikusema basi, tumeshinda, tupige picha. Ilirudi mahakamani kudai ilipwe, ikaomba zaidi ya dola bilioni 11, na tarehe 9 Februari 2022 mahakama ikaamuru Uganda ilipe dola milioni 325, kati ya hizo milioni 225 zikiwa kwa madhara waliyopata watu. Uganda ikaanza kulipa mwaka huohuo, awamu ya dola milioni 65. Kwa hiyo serikali hii inajua vizuri sana maana ya hukumu ambayo haijalipwa. Inajua jinsi ya kudai kwa miaka 17 bila kuchoka. Ilichokosa ni kuwaona wanawake wa Fizi kama wadai wa aina ileile.

Tena mwaka huohuo wa 2022, mwezi Desemba, Kongo ilipitisha sheria ya fidia kwa waathirika na kuunda mfuko wa taifa, FONAREV, unaotengewa asilimia 11 ya mrabaha wa madini. Sheria nzuri. Niliisoma kwa furaha ya tahadhari, kama mtu anayemwona mdeni wake akivaa shati jipya. Bila madini kivuko kilikuwa hakipo, sasa kipo. Basi wenye hukumu mkononi, waliokwisha kupita mahakamani na kupewa kiasi chao kwa tarakimu, wangekuwa wa kwanza mstarini. Kwao hakuna cha kuchunguza upya. Asiwepo mtu wa kuwaandika tena.

Wa pili watasema kinyume: kosa lenu ni kushirikiana. Asasi za kiraia zikishaingia kwenye gari moja na mwendesha mashtaka wa jeshi, kesho zitamshtakije jeshi? Hoja hii ina uzito, na uzito wake unaitwa Minova. Novemba 2012, M23 walipoiteka Goma, wanajeshi wa serikali waliorudi nyuma walifika Minova wakabaka na kupora kwa siku kadhaa. Umoja wa Mataifa uliorodhesha zaidi ya waathirika mia moja wa ukatili wa kingono. Dunia ilipiga kelele, mashirika yakasukuma, na mahakama ya kijeshi ikaketi. Wanajeshi 39 walisimamishwa mbele yake. Tarehe 5 Mei 2014 hukumu ikasomwa: wawili tu walitiwa hatiani kwa ubakaji. Wengi wa waliobaki waliadhibiwa kwa makosa kama kutotii amri na kupora, na makamanda wa juu hawakuguswa. Na kwa kuwa ilikuwa mahakama ya kijeshi ya operesheni, rufaa haikuwepo. Wanawake walitoka mle ukumbini wakiwa wamesema yote, na mlango ukafungwa nyuma yao.

Minova ilikuwa na ushirikiano wote unaoutaka: mawakili, wafadhili, waangalizi, posho. Kilichokosekana ni uchunguzi uliotulia kabla ya kesi kufunguliwa, na ujasiri wa kupanda ngazi za vyeo. Jeshi lilijihukumu lenyewe kwa kadiri lilivyotaka, na mashirika yakawa yamelilipia gharama.

Lakini kutoka hapo hadi kusema tujitenge, sikubali. Rudi Kavumu uangalie tena mpangilio wa mambo. Ushirikiano wa Kavumu ulizaliwa na ugomvi. Asasi hazikuanza kwa kushirikiana na mamlaka. Zilianza kwa kuzisumbua. Zilikataa majalada ya mtoto mmoja mmoja. Zilidai kesi itoke kwa mwendesha mashtaka wa kiraia iende kwa wa kijeshi. Zilipiga kelele nje ya nchi hadi kelele zikarudi ndani. Mwendesha mashtaka alipokubali ndipo zikampa kila kitu zilichokuwa nacho. Ushirikiano ule ulifaa kwa sababu upande mmoja ulikuwa tayari kuuvunja.

Kosa halikuwa kuingia kwenye gari. Kosa lilikuja baada ya hukumu, ugomvi ulipozimwa. Asasi ziliacha kuwa mdai zikawa mbia, na mbia hapendi kumwaibisha mbia mwenzake mbele ya mfadhili.

*

Basi niseme ninachotaka, kwa lugha ya kawaida.

Nataka shahidi aandikwe mara moja. Septemba 2022, Ofisi ya Mwendesha Mashtaka wa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai pamoja na Eurojust walitoa mwongozo kwa asasi za kiraia, na mojawapo ya nasaha zake ni kuepuka kumhoji mtu yuleyule mara kwa mara. Ni nasaha ya kweli. Mimi na fomu yangu ni mfano wa madhara yake. Lakini mwongozo ule umeandikiwa asasi. Mashirika yanahoji mara tano kwa sababu aliyehoji mara ya kwanza hakuwa na mtu wa kumpa. Penye ofisi ya mashtaka yenye daftari, inayopokea ushuhuda, inayotoa namba, na inayolazimika kujibu ndani ya muda, hakuna haja ya kidole cha pili. Mamlaka zinazotaka ushirikiano zianze na daftari hilo.

Nataka shirika lolote kabla ya kulipia lita ya kwanza ya mafuta ya mahakama inayotembea lidai kuona, kwa maandishi, fungu la serikali la kulinda mashahidi na la kulipa fidia. Lisipokuwepo, kesi bado inaweza kwenda, maana haki ya mtoto haiwezi kungoja bajeti. Lakini jambo hilo litangazwe siku ileile, kijijini, kwa Kiswahili, mbele ya mwanamke kabla hajapanda kizimbani: mama, wataweza kumfunga, lakini hawajatenga hata senti moja ya kukulipa wala ya kukulinda. Ajue anachoingia. Tumezoea kumwomba ridhaa kwa fomu inayotaja hatari zote isipokuwa hiyo.

Na nataka tuache kuandika kwamba kesi imekamilika siku ya hukumu. Kesi ikamilike siku aliyehukumiwa kulipwa anapolipwa. Kila ripoti ya mwaka ya shirika, karibu na picha ya mahakimu, iwe na jedwali fupi: hukumu hii, tarehe hii, deni hili, limelipwa kiasi hiki. Kama ni sifuri, iandikwe sifuri. Mwaka unaofuata iandikwe tena. Wafadhili wataona vibaya? Waone. Wanawake wa Fizi wameona vibaya zaidi.

*

Niliandika rasimu ya kwanza ya makala hii kabla ya mwaka 2025, na ilikuwa na hasira ya aina nyingine. Nilidhani jambo baya kuliko yote ni serikali isiyolipa. Mwishoni mwa Januari 2025 M23 waliiteka Goma, na katikati ya Februari wakaingia Kavumu, kwenye uwanja wa ndege, kisha Bukavu. Gereza la Munzenze mjini Goma lilivunjwa na maelfu ya wafungwa wakatoka. Wanawake waliokuwa gerezani humo walibakwa, na wengi wakafa motoni. Gereza la Bukavu nalo likabaki tupu. Kikosi cha Umoja wa Mataifa kilichokuwa kikiwasaidia waendesha mashtaka wa kijeshi kilikuwa kimeshaondoka Kivu Kusini tangu Juni 2024.

Mamlaka tulizoshirikiana nazo zilikimbia. Sisemi kwa kejeli. Wengine walikimbia kuokoa maisha yao, na mimi ningefanya hivyo. Lakini shahidi hakukimbia, kwa sababu hakuwa na gari. Yuko kijijini kwake, na jina lake halisi limo ndani ya jalada, na jalada limo ndani ya ofisi ambayo funguo zake zimebadilisha mikono. Aliyemtaja mahakamani huenda anapita barabarani.

Kwa hiyo naongeza dai moja ambalo zamani nisingelifikiria. Ushuhuda usikae kwenye kabati moja la dola moja. Nakala zake zitunzwe mahali ambapo vita haviwezi kufika, chini ya sheria, kwa masharti ambayo shahidi ameyasikia na kuyakubali. Na siku mamlaka, ziwe zipi, zitakaporudi kuomba ushirikiano, zikute deni la zamani liko mezani, limeandikwa vizuri, na hakuna aliyelisahau.

Nilipogundua kosa la bibi niliandika barua kwa shirika langu kuomba ushuhuda wa mzee usahihishwe. Nilieleza neno, nikaeleza lugha, nikaambatanisha dakika na sekunde kwenye kinasa sauti ambapo anasema. Jibu lilikuja baada ya miezi miwili. Lilikuwa la heshima. Lilisema kwamba mradi ule umefungwa, mafaili yameshakabidhiwa, na kwa sasa hakuna utaratibu wa kuyafungua.

Sikuambiwa yamekabidhiwa kwa nani.

Nilirudi Nyarugusu mara moja tu baada ya hapo, kwa kazi nyingine. Mzee alinikumbuka. Alinikaribisha chini ya mwembe, akaniulizia watu wa kwetu Tanga, akaniletea kiti chenye mguu mmoja uliofungwa kamba. Nilimwomba radhi, nikamweleza nilivyomgeuza mke wake kuwa nyanya yake. Alicheka mpaka akakohoa. Kisha akanyamaza kidogo, akataja jina la mke wake, jina kamili, la nyumbani na la ubatizo, akaniomba niliandike.

Sikuwa na fomu siku ile. Nililiandika kwenye daftari langu mwenyewe, nikamsomea, akanisahihisha herufi moja. Daftari ninalo. Siku atakapopatikana mtu wa kumpa, nitampa, naye atatia sahihi kwamba amepokea.